Kila mwezi tunameza dawa ya minyoo, mbona haituachi?

Shikamoo mama,

Natumaini u mzima wa afya. Niko Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, nimeolewa huku, kwetu hasa ni Morogoro. Mume wangu anavua dagaa, mimi naanika na kuuza hapo mwaloni, ufukweni mitumbwi inapofikia. Tuna watoto wawili. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 11, yuko darasa la tano. Mdogo ni wa kike, ana miaka 4. Na sasa nina mimba ya miezi minne.

Mama, nyumba yangu ina minyoo na imegoma kuondoka. Nilianza kuona kwa huyu mdogo. Analala vizuri, ikifika saa tano au sita usiku anaanza kujikuna huko nyuma, analia, anakaa kitandani. Siku moja nikamulika kwa tochi ya simu, nikaona kitu cheupe, chembamba kama uzi, kinatembea. Nilitetemeka. Kesho yake nikaenda duka la dawa, nikauziwa albendazoli. Nikampa, akatulia wiki mbili tatu, ikarudi. Nikampa tena. Tangu hapo kila mwezi nanunua na tunameza wote, isipokuwa baba yao. Yeye anasema hana minyoo.

Huyu mkubwa ndiye anayenitia hofu. Amekonda miguu, tumbo limejaa. Analalamika linamsokota. Choo chake mara laini, mara kina makamasi, na zaidi ya mara moja ameniita nione damu. Mwalimu ameniambia anasinzia darasani. Huyu alikuwa mtoto wa mpira kutwa. Sasa akirudi shule anajilaza. Jioni anakwenda ziwani kuoga na wenzake, hapo ndipo anachangamka kidogo. Nilimpeleka zahanati wakampima malaria, hana. Choo hawakupima, waliniambia vifaa vimekwisha.

Mimi mwenyewe nachoka. Nikipanda kutoka mwaloni hadi nyumbani moyo unanidunda mpaka nasimama njiani. Na nakula udongo, mama, sikufichi, hata kabla ya mimba nilikuwa nakula. Kliniki sijaanza. Na dawa ya minyoo niliimeza kabla sijajua kwamba nina mimba, hilo nalo linaninyima usingizi.

Sasa shoga yangu amenitumia ujumbe wa WhatsApp wenye "dalili 25 za minyoo sugu". Nimeusoma nikaona zote tunazo: kusaga meno, kutoa udenda, ndoto za kutisha, hasira, kusahau, vipele, ganzi mikononi, kukosa hamu ya tendo la ndoa. Chini kuna namba ya mtu anayeuza dawa ya unga ya kusafisha tumbo siku 21, shilingi 65,000. Shoga yangu ameitumia, akanionyesha picha ya vitu vilivyomtoka: virefu, vyeupe, vinanata. Anasema hizi dawa za dukani minyoo imeshazizoea.

Mama mkwe naye anasema mtoto ana mchango tu, anamchemshia mizizi.

Kuna jambo jingine naliandika kwa uoga. Kaka wa mume wangu, mvuvi pia, alifariki mwaka jana. Tumbo lilijaa maji, kisha siku moja akatapika damu nyingi, hatukuwahi kumfikisha hospitali. Watu wamesema mengi, mpaka jirani yetu ametajwa. Mume wangu sasa anahisi uzito upande wa kushoto, chini ya mbavu. Hataki kwenda kupimwa. Anaogopa kuambiwa ana kile kilichomuua kaka yake.

Naomba uniambie: hii minyoo imekuwa sugu? Ninunue hiyo dawa ya unga? Na mtoto aliye tumboni yuko salama?

Mama wa wawili, Ukerewe

MAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Hiyo 65,000 usiitoe. Itakufaa kwa nauli na vipimo vya mumeo, na ninaanza na yeye ingawa umemweka mwishoni mwa barua.

Umeniandikia kana kwamba nyumba yako ina ugonjwa mmoja unaokataa dawa. Mimi nikisoma naona wadudu tofauti. Huyu wa binti yako umemwona kwa macho, hana ubishi. Wewe mwenyewe una dalili za kuishiwa damu. Lakini mwanao wa kiume na baba yake wananifanya nifikirie kichocho, na kichocho, mwanangu, hata ungemeza albendazoli kila Ijumaa hakitikisiki. Siyo kwamba kimekuwa sugu. Dawa hiyo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Wengi wakisikia kichocho wanafikiri kukojoa damu. Hicho ni cha kibofu. Ndicho wasomaji wangu wa Pemba wanakijua, na cha pwani, na cha mabwawa na majaruba ya mpunga huko Shinyanga: mtoto anakojoa vizuri, matone ya mwisho yanatoka mekundu. Cha ziwani ni aina nyingine. Kinashika utumbo na ini, mkojo unabaki safi kabisa, na kwa sababu hiyo mtu anakaa nacho miaka akijiona hana kitu.

Minyoo yake haikai ndani ya utumbo, inakaa ndani ya mishipa ya damu inayouzunguka utumbo. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliigundua mwaka 1851 Cairo alipokuwa anapasua maiti, na aliikuta humo humo kwenye mishipa. Kwa hiyo huwezi kumwona mnyoo wa kichocho kwenye choo hata umulike na taa ya karabai. Jike na dume wanaishi wamekumbatiana, urefu wao ni kama sentimita moja, na wanaweza kudumu miaka mingi. Jike anataga kila siku mayai yenye mwiba ubavuni. Karibu nusu ya mayai hayo yanatoboa ukuta wa utumbo ili yatoke na choo. Hapo ndipo mtoto anapotoka makamasi na damu. Nusu nyingine haipati njia. Inasukumwa na damu hadi kwenye ini, inakwama, na mwili unaijengea kovu kila yai lilipokaa.

Ini likijaa makovu, damu inayotoka utumboni haipiti vizuri. Inarudi nyuma. Bandama inavimba, na bandama iko kushoto, chini ya mbavu, pale pale mumeo anapogusa. Tumbo linaweza kujaa maji. Mishipa ya koo la chakula inatanuka, na siku ikipasuka mtu anatapika damu bila onyo. Siwezi kumpima shemeji yako naye yuko kaburini, na homa ya ini nayo inaweza kumfikisha mtu huko huko. Lakini mvuvi wa ziwani, tumbo la maji, akatapika damu: kichocho kinaua hivyo hasa. Huyo jirani yenu mwacheni.

Kwa hiyo mumeo aende Nansio hospitali wiki hii, asisubiri mwezi wa giza upite kwanza. Aseme mambo mawili bila kuulizwa: kwamba anavua tangu utoto, na kwamba kaka yake alitapika damu. Aombe ultrasaundi ya tumbo waangalie ini na bandama, apimwe na homa ya ini. Wakiona mishipa imetanuka watampa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, na huko asiende kwa kukata tamaa, maana kuna dawa za kupunguza msukumo kwenye mishipa hiyo na kuna namna ya kuifunga kabla haijapasuka. Wavuvi wengi nawajua wana pakiti ya diklofenaki mfukoni kwa ajili ya mgongo. Aiache kabisa mpaka apimwe, diklofenaki na ndugu zake zinaweza kuamsha damu kwa mtu wa namna hii. Na akitoa choo cheusi tii kinachonata, au akatapika damu hata kidogo, usingoje asubuhi. Tafuteni boti.

Sasa mwanao. Dawa yake inaitwa prazikwanteli, ndiyo ile wanayopewa shuleni wakipimwa urefu kwa fimbo ili kujua vidonge vingapi. Muulize kama alimeza siku ile au aliitema. Nasema hivi kwa sababu ni chungu, inaacha ladha mbaya mdomoni, na watoto wakubwa wanawatisha wadogo kwamba inaua. Mtu mwenye minyoo mingi ndiye anayesumbuka zaidi akiimeza: tumbo linakoroga, kichwa kinazunguka, anaweza kutapika. Mara nyingi kufikia kesho yake yamekwisha. Ale kwanza, ugali wa kutosha na samaki, na amalize vidonge vyote palepale mbele ya mhudumu. Dawa hii inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga iliyoingia wiki hizi za karibuni inapona. Kwa hiyo muulize mhudumu lini arudie, na kwa mtoto wa mwaloni tegemea kumeza tena mwakani.

Kabla ya dawa nataka apimwe choo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu maabara ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Zamani watu walituletea choo ndani ya kiberiti. Kiberiti kinanyonya maji, choo kinakauka, hatuoni kitu. Mwombe mhudumu kikopo cha plastiki chenye mfuniko. Kama hakuna, kopo lolote dogo ulilolisafisha na kulikausha vizuri linafaa. Mtoto ajisaidie juu ya karatasi au jani la mgomba, siyo chini mchangani, maana mchanga una viumbe vyake na vinatuchanganya. Chukua kiasi cha ncha ya dole gumba, na kama kuna sehemu ina makamasi au damu, chukua hiyo hiyo, usiione aibu ukachagua pazuri. Kifike asubuhi ile ile. Choo kilicholala, mayai ya safura, mnyoo anayenyonya damu, yanaanza kuanguliwa au yanapotea, na mpimaji anaandika "hakuna kilichoonekana".

Jambo jingine ambalo wagonjwa hawaambiwi: jibu la "hakuna" kwa kichocho mara moja halitoshi. Mnyoo jike wa chango, yule mrefu wa mviringo, anataga mayai kama 200,000 kwa siku, kwa hiyo ukiwa naye mmoja tu nitamkuta. Jike wa kichocho cha tumbo anataga mamia machache tu, na nusu yake inabaki mwilini. Mpimaji anaweka kwenye kioo chembe ndogo kuliko punje ya mchele. Anaweza kuangalia kwa hadubini kwa uaminifu wote na asione yai. Peleka choo cha siku tatu tofauti. Pengine kuna kipimo cha haraka cha mkojo kinachoonyesha kichocho cha tumbo, ulizia. Na kama zahanati yenu bado haina vifaa, mweleze mganga: tunakaa mwaloni, mtoto anaoga ziwani kila siku, choo kina damu. Kwa ukanda wa ziwa hayo yanatosha mganga kumpa prazikwanteli bila kungoja hadubini. Ila akishameza na damu ikaendelea, mrudishe, kwa kuwa amiba na magonjwa mengine nayo yanatoa damu.

Wewe sasa. Moyo kudunda kwenye kilima, uchovu, na udongo: nenda kliniki kesho, wakupime wingi wa damu. Kwa kawaida mjamzito akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita anahesabiwa ana upungufu. Safura inaingia kwa kupenya ngozi ya miguu peku pale watu wanapojisaidia ovyo, inapanda hadi utumboni, inang'ata na kunyonya. Mmoja mmoja si kitu, lakini minyoo 100 ya aina inayonyonya zaidi inaweza kukutoa mililita 15 hadi 20 za damu kila siku, vijiko vitatu vinne vya chai. Utaniuliza, mbona nimemeza albendazoli kila mwezi na bado nachoka? Dawa inafukuza mnyonyaji, hairudishi damu iliyokwisha kunyonywa. Hiyo inarudishwa na vidonge vya madini ya chuma, miezi si siku, na kliniki utavipata. Usivimeze na chai, chai inazuia chuma kuingia mwilini. Hamu ya udongo mara nyingi ni mwili unaolia na upungufu huo huo, na wengi wakishapata chuma cha kutosha hamu inapungua yenyewe. Ninaokukanya ni udongo ule wa kuchimba kando ya nyumba, unaweza kuwa na mayai ya chango. Na malaria nayo inakula damu, wakuchunguze.

Kuhusu dawa uliyomeza kabla ya kujua, lala usingizi. Tunawakataza wajawazito wa miezi mitatu ya kwanza kwa tahadhari. Wapo wengi waliomeza bila kujua na wakajifungua salama. Mweleze mkunga tarehe, ataiandika kwenye kadi. Sasa umevuka miezi mitatu, dawa ya minyoo utapewa kliniki, na hata prazikwanteli inaruhusiwa, usikubali kuambiwa usubiri mpaka unyonyeshe. Unapoosha sufuria miguu ikiwa majini, na wewe uko kwenye hatari ile ile ya mwanao.

Nirudi kwa binti. Huyo uliyemmulika ni mnyoo uzi, na kati ya yote ndiye mnyonge, ila ndiye msumbufu. Hatoki ziwani, hatoki kwenye nyama. Jike anatoka usiku kutaga mayai kwenye ngozi ya nje, panawasha, mtoto anajikuna, mayai yanaingia kwenye kucha, kucha zinaingia mdomoni. Wakati mwingine anahamia mbele, kwa hiyo akilalamika kuwashwa huko nako usishtuke. Mayai yanakaa kwenye shuka na nguo wiki mbili hata tatu. Dawa inaua minyoo, haiui mayai. Wewe ulikuwa unampa mara moja kwa mwezi, wakati huo kizazi kipya kimeshakomaa na kutaga tena. Na baba, asiyejikuna, pengine ndiye anayewarudishia. Wengi wanao bila kuwashwa.

Fanyeni hivi: wote wanne siku moja, baba yao akiwemo, kisha mrudie baada ya wiki mbili kamili. Siku hizo mbili fua mashuka, chupi na nguo za kulalia, anika jua kali. Kata kucha ziwe fupi kabisa. Mtoto alale na chupi inayobana kidogo, na asubuhi akiamka tu umwogeshe kabla hajagusa kitu, maana mayai ya usiku yako hapo. Ukitaka uhakika, asubuhi kabla ya kumwogesha bandika kipande cha selotepu pale kwenye tundu, kibandue, ukibandike kwenye kioo cha maabara. Choo cha kawaida mara nyingi hakimwonyeshi mnyoo huyu, ndiyo maana watu wanarudi na majibu safi na mtoto bado anajikuna. Na huyu binti naye, kama anaogeshwa kwa maji ya ziwa, apewe prazikwanteli. Kuanzia miaka 2 inaruhusiwa.

Hiyo orodha ya dalili 25 imetungwa isimkose mtu. Nani asiyesahau? Nani hajawahi kuwa na hasira? Kusaga meno, wapo wanaosaga mpaka yanalika na tumboni hawana hata mnyoo mmoja. Ukweli ambao muuza unga hawezi kuuandika ni kwamba wengi wenye minyoo michache hawasikii chochote. Mimi ninayoyatilia maanani ni machache: uzi mweupe usiku kama ulivyoona, mnyoo mviringo wa sentimita 20 au 30 unaotoka chooni au hata mdomoni, vipande bapa vyeupe vinavyojisogeza kwenye chupi, damu kwenye mkojo, na choo cha damu kwa anayeishi kando ya maji. Vile vipande bapa ni tegu, anapatikana kwenye nyama isiyoiva. Tegu wa nguruwe ana balaa la ziada: mayai yake yakimezwa yanaweza kufanya vifuko kwenye ubongo na kuleta kifafa, watu wa Mbulu wanaifahamu habari hii. Kama kwenu kuna mwenye kifafa, amwambie mhudumu kabla ya kumeza prazikwanteli.

Na mtoto yeyote ambaye tumbo limekaza, anatapika, hapati choo wala kujamba, msimpe dawa ya minyoo nyumbani. Chango wengi wanaweza kujifunga wakaziba utumbo. Hiyo ni hospitali, usiku huo huo.

Picha ya shoga yako nimeitazama kwa maneno yako tu: virefu, vyeupe, vinanata, vimetoka baada ya siku kadhaa za dawa ya kuharisha. Maabara tuliletewa sana. Ni ute wa utumbo, unaotoka ukivutwa na dawa kali. Wengine walituletea nyuzi nyeusi za ndizi, maganda ya nyanya, na wakabisha. Akitaka kujua, aweke kimoja kwenye maji safi akipeleke kwa mpimaji. Mnyoo una ngozi na umbo, ute unayeyuka.

Mama mkwe usigombane naye. Mwambie mtoto anakwenda kupimwa choo kwa sababu ya ile damu, na kwamba mizizi isubiri majibu ili daktari asichanganyikiwe. Ataelewa. Ninachokiogopa ni mtoto mwenye ini lililoanza kuchoka kupewa vitu ambavyo hatujui kipimo chake.

Suala la ziwa ni gumu, siwezi kukuambia mvuvi asiguse maji. Vimelea vinatoka kwa konokono wadogo wa majini na kupenya ngozi kwa dakika chache, na vinatoka zaidi jua likiwa kali. Kuteka asubuhi mapema kunapunguza, hakumalizi. Linalowezekana kwako ni maji ya kuogea: teka leo, yafunike kwenye pipa, yaoge keshokutwa. Vimelea vikikosa mtu kwa siku mbili vinakufa, mradi usichote na konokono. Na choo, mwanangu. Kila anayejisaidia kwenye matete anapeleka mayai kwa konokono.

Mumeo najua hataki kupimwa. Basi usimwambie aende kupimwa. Mwambie mimba inakuchosha, huwezi boti wala pikipiki, ampeleke mwanawe Nansio. Mpe na karatasi ya kumpelekea mtabibu, iandike hivi: mtoto ana choo chenye damu, baba ana uzito kushoto chini ya mbavu, baba mkubwa wa mtoto alitapika damu, tafadhali wapimeni wote wawili. Ikunje, iweke ndani ya daftari la kliniki la mtoto. Akifika mbele ya mtabibu na mwanawe amemshika mkono, hatakimbia.